Mchezo wa Kijapani Umetuvunja Moyo

Michezo ya televisheni kutoka nchi za Mashariki ya Mbali imeenea nchini mwetu kwa kiwango ambacho hakuna kiongozi wala mzazi anayeweza kujifanya hakioni. Imekuja kwa njia ya televisheni, imekuja kwa sahani za dividii, na siku hizi inakuja kwa simu za mkononi na kwa kadi ndogo za kuhifadhia picha ambazo hata mwanafunzi anaweza kuzinunua. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha mchezo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, ule wa Doudou na mama wakwe zake. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China, alipohutubia mjini Dar es Salaam, aliutaja mchezo huo mbele ya viongozi wetu kuwa ni njia mojawapo ya wananchi wa China na wa Tanzania kujuana. Michezo ya Kikorea, ya Kituruki na ya Kihindi nayo imepata watazamaji wengi, Bara na Visiwani.

Hatuna kinyongo na jambo hilo. Taifa linalojifungia ndani haliwezi kujifunza, na sisi wa Visiwani, ambao bahari imetuletea wageni na elimu kwa karne nyingi, ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kuogopa kitu kwa sababu tu kimetoka ng'ambo. Mjapani naye si mgeni kwetu. Mashine za Yamaha zinasukuma boti za wavuvi wetu, magari ya Kijapani yanabeba abiria wetu, vijana wetu wa Unguja wanajifunza judo, na Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, lina idhaa inayosema nasi kwa Kiswahili. Kwa hiyo tuliposikia vijana wakiusifu mchezo wa wanafunzi wa Kijapani, tulikaa tukautazama kwa moyo mweupe. Tumeutazama hadi mwisho, na tunasikitika kusema kwamba umetuvunja moyo.

Mchezo wenyewe unaitwa Hana Yori Dango. Asili yake ni hadithi ya picha iliyotungwa na Bibi Yoko Kamio, ambayo ilianza kuchapishwa mwaka 1992 katika gazeti la wasichana liitwalo Margaret. Kituo cha TBS cha Tokyo kiliifanya mchezo wa televisheni mwaka 2005 kwa sehemu 9, kikaongeza sehemu 11 mwaka 2007, kisha mwaka 2008 ikatoka filamu ya kumalizia. Hadithi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha chezwa Taiwan mwaka 2001, ikachezwa tena Korea ya Kusini mwaka 2009, na China mwaka 2018. Ni hadithi, basi, ambayo imezunguka bara zima la Asia, na kutoka huko imefika kwetu.

Jina lake limetokana na methali ya Kijapani. Wajapani wana desturi ya kwenda kutazama maua ya miti wakati yanapochanua, na wapo wanaokwenda huko si kwa ajili ya maua bali kwa ajili ya vidonge vitamu vya unga wa mchele viitwavyo dango. Methali husema kwamba watu hao wanaona bora dango kuliko maua, yaani bora chenye kushibisha kuliko chenye kupendeza macho tu. Mtungaji ameichezea methali hiyo kwa kubadili maandishi ya neno la mwisho, ili lisomeke kama wavulana. Ni mzaha wa lugha wa namna ambayo sisi watu wa mafumbo tunaifurahia.

Kisa chake ni hiki. Msichana aitwaye Tsukushi Makino, mtoto wa karani mwenye kipato kidogo, amepelekwa na wazazi wake katika skuli ya fahari ya watoto wa matajiri, iitwayo Eitoku. Wazazi wanajinyima ili mtoto wao akae pamoja na watoto wa wakubwa. Baada ya masomo msichana huyo anafanya kazi katika duka la kuuza dango. Jina lake la Tsukushi ni jina la mmea unaoota wenyewe pembeni mwa njia, na yeye mwenyewe hujisifu kwamba ni gugu, ukilikanyaga linainuka tena.

Skuli hiyo inatawaliwa na wavulana wanne. Mkubwa wao ni Tsukasa Domyoji, ambaye ukoo wake ni wa utajiri mkubwa sana na ndio unaoitegemeza skuli kwa fedha. Mwanafunzi anayewaudhi hukuta kadi nyekundu katika kabati lake. Tangu saa hiyo skuli nzima inamgeukia, wanamtesa, wanamtupia taka, wanampiga, mpaka anaiacha skuli. Siku moja Makino anamtetea mwenzake aliyemkosea Domyoji, naye anapewa kadi nyekundu. Badala ya kukimbia anasimama, anawaambia ukweli wao, na anampiga yule mtoto wa tajiri mbele ya watu wote.

Hapo ndipo tulipoanza kuupenda mchezo huu, na hatuoni haya kulisema hilo. Tuliona mbele yetu mtoto wa mnyonge anayekataa kudharauliwa. Tuliona skuli ambamo fedha imekaa juu ya sheria, na mtoto mmoja akisema hapana. Bibi Mao Inoue aliyecheza nafasi ya Makino ni mchezaji hodari, mwenye uso usioficha kitu. Ipo pia sehemu ambayo mama yake Domyoji, mwanamke wa biashara mwenye moyo wa chuma, anakwenda nyumbani kwa akina Makino na fedha nyingi ili msichana aachane na mwanawe. Watu wale wana madeni, nyumba yao ni finyu, na fedha ile ingewatoa katika dhiki. Mama yake Makino anaikataa na anammwagia tajiri yule chumvi. Mzazi yeyote wa Kitumbatu, wa Kimakunduchi au wa Kipemba angemwelewa mama huyo bila ya mkalimani.

Mwanzo wa namna hiyo ulitupa haki ya kutazamia makubwa. Tulitazamia kwamba skuli ile itahukumiwa. Tulitazamia kwamba wale waliofukuzwa kwa kadi nyekundu watarudi, au hata mmoja wao ataombwa radhi kwa jina lake. Tulitazamia kumwona mwalimu mkuu akiulizwa alikuwa wapi. Hakuna lililotokea kati ya hayo.

Kinachotokea ni kwamba mtesaji anampenda aliyemtesa. Kofi alilopigwa linamtia mapenzi, na kuanzia hapo ukatili wake wote unaelezwa upya. Alipomsumbua alikuwa anampenda bila ya kujua. Alipomfanyia jeuri alikuwa hajui njia nyingine ya kuonyesha hisia zake, kwa sababu mama yake hakumlea kwa mapenzi. Kosa lililokuwa la skuli nzima, lenye mashahidi na majeruhi, linageuzwa kuwa siri ya watu wawili. Kadi nyekundu zinakoma, naam, lakini zinakoma kwa sababu mfalme amebadili moyo, si kwa sababu raia wamepata sheria. Akibadilika tena kesho, nani atamzuia?

Udhaifu wa pili ni walimu. Katika skuli yote ile yenye ngazi za marumaru, mwalimu haonekani akifanya lolote la maana. Watoto wanapigana, wanafungiana, wanafukuzana, na hakuna mtu mzima anayeinua mkono. Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim na kisha katika skuli za Serikali tunajua kwamba palipo na watoto hapakosi ugomvi. Lakini maalim alikuwapo. Mchezo unaotaka tuamini kwamba mamia ya wanafunzi wanaweza kuishi bila ya mwalimu hata mmoja mwenye ujasiri, unapaswa angalau kutuonyesha kwamba hilo ni msiba. Mchezo huu unaliona kuwa ni jambo la kawaida.

Udhaifu wa tatu ni namna watungaji wanavyozikimbia shida za wanyonge baada ya kuzitaja. Wazazi wa Makino wanaishiwa kabisa na kwenda kutafuta riziki katika kijiji cha wavuvi. Tulipoliona hilo tulisogea karibu na televisheni, maana habari za kijiji cha wavuvi sisi tunazijua. Tulitaka kuona jinsi karani wa mjini anavyojifunza kuamka alfajiri na nyavu. Kamera haikukaa huko. Ilirudi haraka kwenye majumba, ndege za binafsi, mashindano ya wasichana ya kugombea zawadi, na hatimaye, katika msimu wa pili, Domyoji anapoteza kumbukumbu na kumsahau mpenzi wake. Hiyo ni hila ya mtungaji aliyeishiwa na maneno. Mwisho wa yote ni posa na, katika filamu ya 2008, harusi. Gugu la pembeni mwa njia limechimbuliwa na kupandwa katika bustani ya bwana, na tunaombwa tupige makofi. Skuli imebaki vile vile, na fedha imebaki juu ya sheria vile vile. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pengine msomaji wa Unguja au Pemba atauliza kwa nini gazeti lipoteze wino wake kwa mchezo wa mapenzi wa watoto wa Tokyo. Jibu letu linatoka mahali tunapoandikia maneno haya, yaani Chapwa, katika mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, ambako kazi imetuleta.

Tunduma ni mlango wa nchi. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili kama watu wa nyumba moja. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam inapita hapa, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ambayo wananchi wetu waliijenga pamoja na Wachina na Wazambia na kukabidhiwa mwaka 1976, inavukia hapa. Malori ya shaba na ya mafuta yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo yanapanga foleni. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na Rais Magufuli na Rais Lungu mwezi Oktoba 2019 kilikusudiwa kuzipunguza foleni hizo. Hata hivyo mji wa mpakani ni mji wa watu wanaosubiri, na penye watu wanaosubiri pana vyakula, vinywaji, nyumba za wageni na mabanda ya video.

Katika mabanda hayo, ambayo vijana wenyewe huyaita banda umiza kwa sababu ya ugumu wa mabao yake, picha za kigeni hutazamwa pamoja na sauti ya mtu anayezifasiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo ina historia yake katika nchi yetu, na jina la Lufufu wa Dar es Salaam linajulikana na kila aliyewahi kuketi kwenye mabao hayo. Ndimo tulimoonja tena kisa cha Makino na Domyoji, tukizungukwa na vijana wa umri wa skuli. Mfasiri alikuwa na ulimi mwepesi, na wasichana walikuwa wakicheka na kushangilia kila yule mtoto wa tajiri alipomshika msichana mkono kwa nguvu na kumburura. Mmoja alipoulizwa kwa nini anashangilia, alieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mzee jambo lililo wazi, kwamba mwanamume asiyekupenda hahangaiki nawe.

Sasa na tuzitazame takwimu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kote asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mkoa wa Songwe ulikuwa wa juu kuliko mikoa yote, kwa asilimia 45. Yaani katika kila wasichana 20 wa umri huo, 9 walikuwa wamekwisha kuwa mama au wajawazito, au walikuwa wamepoteza mimba. Mikoa ya Visiwani ilikuwa miongoni mwa ile iliyo chini.

Tunapenda kusema wazi, ili mtu asitupachike maneno, kwamba mchezo wa Kijapani haukuleta mimba hizo. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, na haja ya wasichana kulindwa ilikuwapo kabla ya hapo na kabla ya dividii. Zipo sababu za umaskini, za skuli zilizo mbali na nyumbani, za wasichana kupanga vyumba mitaani peke yao ili wawe karibu na masomo, na za watu wazima wenye fedha mfukoni na haya kidogo machoni. Anayezilaumu picha na kuyaacha haya anatafuta njia rahisi.

Lakini hoja yetu ni hii. Msichana anayekaa peke yake katika chumba cha kupanga, mbali na mama yake, anahitaji fikra ya kumlinda. Mtu mzima atakapomngoja njiani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, anahitaji kujua kwamba huko ni kusumbuliwa na kwamba ipo sheria. Ikiwa fikra aliyonayo ni ile aliyoipata bandani, kwamba anayekusumbua ndiye akupendaye, na kwamba uvumilivu wako mwishowe utamgeuza jeuri kuwa mume na umaskini kuwa kasri, basi amekwisha kunyang'anywa silaha kabla ya vita kuanza. Domyoji wa Tokyo alirudi na pete. Domyoji wa barabarani huwasha gari na kuvuka mpaka.

Zamani katika mwambao na visiwa vyetu msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa amana ya kumfunza mambo ya utu uzima, mema na mabaya yake. Huku Bara nako makabila yalikuwa na utaratibu wao. Hatusemi kila kilichofundishwa kilikuwa sawa. Lakini somo alimjua mtoto, alimjua na anayemposa, na alikuwa mtu wa kuulizwa likitokea la kutokea. Leo televisheni imekalia kiti cha somo bila ya kukabidhiwa na mtu. Haimjui mtoto na haiulizwi.

Wapo watakaosema kwamba tunakuza mambo, kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba vijana wanajua kutofautisha picha na maisha. Tunakubali kwamba wengi wanajua. Hata yule mfasiri wa bandani alijua, kwani katika sehemu ya kadi nyekundu aliacha maneno ya Wajapani akaingiza yake, akauliza mbele ya watu mwalimu mkuu wa skuli hiyo analipwa mshahara wa nini. Banda zima lilicheka na kukubali. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililokuwa neno la busara kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, na halikutoka Tokyo. Linathibitisha kwamba mtazamaji akipata mtu wa kumwuliza swali, akili yake inaamka. Tatizo ni kwamba msichana mwenye simu chumbani hana mfasiri wa namna hiyo.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku. Hatukubaliani nao. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliandikwa wakati picha ikija katika makopo ya bati na kuonyeshwa katika majumba machache ya sinema, ambayo askari mmoja angeweza kuyazunguka kwa baiskeli. Leo picha inakaa katika kijikadi kidogo kuliko ukucha. Mwezi Aprili 2017 wachezaji wetu wa filamu waliandamana Kariakoo kupinga picha za kigeni zinazouzwa bila ya kufuata taratibu. Malalamiko yao ya kodi na ya hakimiliki yalikuwa ya haki, lakini maandamano hayawezi kumfanya mtazamaji apende asichokipenda. Atakayeshindana na Hana Yori Dango ni mchezo ulio bora kuliko Hana Yori Dango.

Na uwezo huo tunao. Jirani zetu wa Kenya walifanya mchezo wa skuli, Tahidi High, ambamo walimu wapo na wana sura na tabia zao. Sisi wenyewe tulifanya Arusi ya Mariamu mwaka 1985. Mwaka 2021 riwaya ya Vuta N'kuvute ya Ndugu Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Ndugu Amil Shivji, ikaonyeshwa hadi Toronto. Hiyo nayo ni hadithi ya mapenzi. Yasmini ni msichana aliyeozwa mzee asiyempenda, na Denge ni kijana wa harakati dhidi ya Waingereza. Lakini mtungaji wetu hakumpa Yasmini tajiri wa kumwokoa. Alimpa mji wa Unguja wenye askari wa kikoloni, wenye rafiki wa kweli na wa uongo, na akamwachia afanye uamuzi na alipe gharama yake. Mtazamaji anatoka akiwa amejua jambo juu ya mapenzi na juu ya nchi yake pia.

Tusisahau kwamba kisa cha skuli yenye matabaka ni kisa chetu kabla ya kuwa cha Eitoku. Katika Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi nafasi ya mtoto katika elimu ilifuata asili na fedha ya mzazi wake. Ndiyo sababu tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo. Kwa Bara, Mwalimu Nyerere alitoa maelekezo ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akionya juu ya skuli inayomfanya mtoto ajione yu mbali na jamii yake. Vipo visa vingapi vya watoto wa wavuvi na wa wakulima wa karafuu walioingia madarasani mwaka ule wa 1964 kwa mara ya kwanza, wakakutana ana kwa ana na watoto wa waliokuwa mabwana? Ni mchezo gani wa televisheni umewahi kutuonyesha siku yao ya kwanza? Mtunzi wa Kijapani ameligusa jambo hilo kwa ncha ya kidole, akaogopa moto wake. Sisi tulioishi ndani yake hatujaligusa kabisa.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaambia wahusika.

Kwanza, kwa viongozi wa elimu wa pande zote mbili za Muungano. Kinga ya msichana ni mahali salama pa kulala. Mabweni ya wasichana, ambayo sisi tunayaita dahalia, yajengwe kwanza pale takwimu zinapolia, na Songwe inalia. Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na waraka wa mwezi Novemba 2021 umemfungulia mlango mwanafunzi aliyejifungua arudi skuli. Ni mambo mawili mazuri. Lakini adhabu na mlango wa kurudia vyote vinakuja baada ya jambo kutokea. Kinachotangulia ni dahalia, mwalimu wa ushauri nasaha anayeaminiwa na watoto, na darasa ambalo ndani yake neno kusumbuliwa linatajwa kwa jina lake.

Pili, kwa mashirika ya utangazaji ya Taifa, TBC kwa Bara na ZBC kwa Visiwani, pamoja na makampuni yanayotia sauti za Kiswahili katika michezo ya kigeni. Mnapochagua mchezo msiulize tu kama unapendwa. Ulizeni unamwambia nini mtoto wa miaka 14. Na mkiisha kuuonyesha, wekeni nusu saa ya mazungumzo baada yake, pawe na mwalimu, mzazi na vijana wenyewe, wauchambue kama tunavyochambua mechi ya mpira. Gharama ya jambo hilo ni viti vinne na meza.

Tatu, kwa Bodi ya Filamu na kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni la Zanzibar. Madaraja ya umri yasibakie kwenye karatasi za ofisini. Maofisa utamaduni wa wilaya wakishirikiana na viongozi wa mitaa na masheha wanaweza kukaa na wenye mabanda, si kuwakimbiza, na wakakubaliana juu ya saa za watoto na saa za watu wazima. Wafasiri wa mabandani nao waitwe, wapewe semina na waheshimiwe, kwani wana masikio ya vijana ambayo sisi wa majukwaani tumeyapoteza.

Nne, kwa watunzi wetu. Mnasikia watoto wakihesabu sehemu 20 za mchezo wa skuli ya Tokyo kwa majina ya wachezaji wake. Waandikieni skuli ya Chwaka, ya Mkoani au ya Tunduma. Wekeni mapenzi ndani yake, maana vijana wanapenda na watapenda. Lakini mwekeni na mwalimu, mwekeni na sheria, na yule aliyepewa kadi nyekundu katika sehemu ya kwanza msimsahau katika sehemu ya mwisho.

Tano, kwa wazazi wa Visiwani. Msizisome takwimu za Songwe kwa kujipongeza. Vijikadi vinavyouzwa Tunduma vinapanda boti pia, na binti wa Michenzani anatazama kile kile anachotazama binti wa Chapwa. Kaeni nao mtazame pamoja, hata kama mchezo unawachosha. Itakapofika sehemu ambayo kijana anamburura msichana kwa mkono na muziki unapigwa, mzazi na aulize kwa sauti ya kawaida kama hayo ni mapenzi au ni jeuri, kisha anyamaze asikilize jibu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa siku hizi umo mfukoni mwa mtoto.

Wajapani walituahidi dango wakatupa maua. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuuza walichonacho, na hatukatai kwamba maua yao yana rangi. Lakini watoto wetu wana njaa ya hadithi yenye kushibisha, na kazi ya kuipika ni yetu.